Maswali ya Wasomaji: Polipu ya Utumbo Mpana Hugeukaje Kuwa Saratani?

Sehemu kubwa ya barua zilizofika mezani kwa ajili ya ukurasa huu inahusu vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana, ambavyo madaktari huviita polipu. Nimechagua barua chache zinazogusa pande mbalimbali za jambo hilo. Zimefupishwa, na majina ya waandishi hayakuchapishwa. Majibu haya ni elimu ya jumla na hayachukui nafasi ya daktari aliyekushika tumbo na kusoma vipimo vyako.

Swali: Daktari, nakusalimu. Nina umri wa miaka 52, naishi Tanga. Kwa muda mrefu nilikuwa nikitoka damu kidogo ninapokwenda haja kubwa, nikajitibu bawasiri. Mwaka huu nilipelekwa hospitali ya rufaa nikapimwa kwa kamera, wakaona polipu moja ya milimita 12 upande wa kushoto wa utumbo mpana, wakaiondoa palepale. Ripoti inasema ni adenoma ya mirija yenye mabadiliko ya seli ya kiwango cha chini. Mwanangu mkubwa amesoma kwenye simu akasema hiyo ni saratani inayoanza, na tangu hapo mke wangu hali wala halali. Je, nina saratani?

Jibu: Kwa mujibu wa ripoti hiyo huna saratani, na mke wako aambiwe hivyo leo hii. Hata hivyo mwanao hakukosea moja kwa moja, kwa kuwa adenoma ndiyo aina ya polipu ambayo saratani nyingi za utumbo mpana huanzia, na hiyo yako kama ingeachwa mahali pake kwa miaka mingi ingeweza kufika huko. Umeondolewa kitu ambacho kilikuwa bado hakijafika. Kwa kuwa umbali huo kati ya polipu na saratani ndio unaowachanganya wasomaji wengi walioniandikia, nitaueleza kwa kirefu.

Utumbo mpana una urefu wa karibu mita moja na nusu, na ndani yake kuna utando laini wenye vishimo vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, visivyoonekana kwa macho. Chini ya kila kishimo zipo seli shina, ambazo kazi yake ni kujigawa bila kukoma ili zizalishe seli mpya. Hizo mpya hupanda juu, hufanya kazi kwa muda mfupi, kisha hufa na kutoka pamoja na choo, hata utando wote ukajifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Kila seli inapojigawa hulazimika kunakili maelekezo yote ya urithi yaliyomo ndani yake, na katika kunakili mara nyingi kiasi hicho makosa hayakosi. Mengi husahihishwa, au seli yenye kosa hufa. Machache hubaki.

Katika adenoma nyingi, kosa la mwanzo huangukia jeni, yaani kipande cha maelekezo hayo, iitwayo APC, ambayo huizuia seli kuendelea kujigawa pasipo haja. Seli iliyopoteza nakala zote mbili za jeni hiyo haisikii tena amri ya kuacha. Nyingine zinapopanda na kufa, yenyewe hubaki na kuzaa, na baada ya muda mrefu panainuka kinundu cha milimita 2 au 3. Hiyo ni adenoma changa. Ikiongezeka hitilafu katika jeni ya KRAS, ambayo huifanya seli ikue hata pasipo kuamriwa, kinundu hunenepa na seli zake huanza kupoteza umbo na mpangilio. Baadaye huweza kuharibika SMAD4, na mwishoni TP53, jeni ambayo kwa kawaida huilazimisha seli iliyoharibika ijiue. Mfuatano huu ulielezwa mwaka 1990 na Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, kutokana na uchunguzi wa adenoma ndogo, adenoma kubwa na saratani kamili: kadiri ugonjwa ulivyosonga mbele ndivyo hitilafu zilivyozidi kuwa nyingi. Wenyewe walisisitiza kwamba wingi wa hitilafu zilizojikusanya una uzito kuliko mpangilio wa kutokea kwake.

Kujikusanya huko huchukua muda, mara nyingi miaka 10 au zaidi, na adenoma nyingi hazimalizi safari hiyo kamwe. Kabla ya kamera ndefu kuenea, polipu zilionekana kwa picha za eksirei baada ya mgonjwa kuwekewa dawa nyeupe ya bariamu, na wapo waliokataa upasuaji au ambao hali yao haikuuruhusu. Mayo Clinic ya Marekani iliwafuatilia wagonjwa 226 wa namna hiyo, wote wakiwa na polipu za milimita 10 au zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kuwa uwezekano wa saratani kutokea palepale penye polipu ulikuwa asilimia 2.5 baada ya miaka 5, asilimia 8 baada ya miaka 10, na asilimia 24 baada ya miaka 20. Yaani polipu kubwa iliyoachwa ni hatari ya kweli, lakini hatari hiyo hukomaa polepole, na ndiyo maana kuna nafasi ya kuiwahi.

Ukubwa nao una maana yake. Madaktari wa hospitali ya St Mark's ya London walichapisha mwaka 1975 uchambuzi wa polipu zilizoondolewa hospitalini hapo, wakakuta saratani ndani ya asilimia 1.3 ya adenoma zilizokuwa chini ya sentimita 1, asilimia 9.5 ya zile za sentimita 1 hadi 2, na asilimia 46 ya zile zilizozidi sentimita 2. Polipu zinazokutwa leo kwa watu wasio na dalili yoyote huwa na viwango vya chini kuliko hivyo, ila mwelekeo haujabadilika.

Sasa turudi kwenye maneno ya ripoti yako. "Ya mirija" inaeleza jinsi seli zilivyojipanga zikitazamwa kwa hadubini, na mpangilio huo una hatari ndogo kuliko ule wa vidole vyembamba. "Kiwango cha chini" maana yake seli zimebadilika kidogo tu. Jambo la msingi zaidi ni kwamba hazikupenya tabaka jembamba la misuli lililo chini ya utando. Mpaka wa saratani ya utumbo mpana uko hapo, kwa sababu chini ya tabaka hilo ndiko iliko mishipa ya damu na ya limfu inayoweza kuzibeba seli mpaka kwenye tezi, kwenye ini na kwenye mapafu. Polipu ambayo seli zake zimebadilika hata kwa kiwango cha juu, lakini hazijavuka mpaka huo, huwa imekwisha tibiwa ikiondolewa yote.

Kuhusu kurudi kupimwa, miongozo ya mataifa haifanani. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unamtaka mtu aliyeondolewa adenoma ya milimita 10 au zaidi arudi baada ya miaka 3, ilhali ule wa Uingereza wa mwaka huohuo unamruhusu mwenye adenoma moja tu kama yako arejee kwenye utaratibu wa kawaida wa kitaifa. Uingereza wanaweza kusema hivyo kwa sababu kule watu wa umri husika huletewa kwa posta kifaa cha kupima choo wakiwa nyumbani. Hapa kwetu hakuna anayekuletea kifaa hicho, kwa hiyo mimi ningekushauri ushike ile miaka 3, na utunze nakala ya ripoti kama unavyotunza hati ya kiwanja. Na damu ikionekana tena kabla ya hapo, usirudie mazoea ya kununua dawa za bawasiri kabla ya kupimwa.

Swali: Mtandaoni naona matangazo ya dawa za asili zinazodaiwa "kuyeyusha vinyama vya utumbo na bawasiri bila upasuaji". Je, zinafanya kazi? Msomaji, Dar es Salaam.

Jibu: Hakuna dawa ya kunywa, ya asili au ya kiwandani, iliyothibitishwa kuyeyusha adenoma ya kawaida ili mtu asihitaji kuiondoa. Wanaouza dawa hizo huweka bawasiri na polipu kwenye chupa moja, ingawa bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa na haigeuki kuwa saratani. Anayezitumia huona damu imekoma kwa wiki kadhaa, kwa kuwa polipu kwa tabia yake hutoka damu kwa vipindi, akaamini amepona.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Mwaka 1969 madaktari William Wolff na Hiromi Shinya wa New York walianza kuondoa polipu kwa kitanzi cha waya chenye umeme kinachopitishwa ndani ya kamera, bila kupasua tumbo. Mwaka 1993 ukachapishwa utafiti wa kitaifa wa Marekani uliowafuatilia watu 1,418 walioondolewa adenoma zao kwa njia hiyo: saratani mpya zilipungua kwa asilimia 76 hadi 90 zikilinganishwa na zilizotarajiwa. Mwenye dawa ya kuyeyusha aulizwe alete hesabu kama hiyo.

Swali: Mimi ni mvuvi Ukerewe, nina miaka 29. Nilitibiwa kichocho mara mbili nikiwa shuleni. Sasa nimepimwa kwa kamera Mwanza kwa sababu ya kuharisha damu, nikaambiwa nina polipu kadhaa zilizotokana na kichocho. Nilisikia kwamba kichocho huleta saratani. Nifanyeje?

Jibu: Kichocho kiko cha aina mbili katika nchi yetu. Kile cha mkojo, ambacho kimeenea zaidi ukanda wa pwani na visiwani Unguja na Pemba, kinajulikana bila shaka kuwa husababisha saratani ya kibofu cha mkojo kikidumu kwa miaka mingi. Cha kwenu ziwani ni kichocho cha tumbo, na mwenendo wake ni mwingine. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Mengi hutoka na choo, lakini mengine hunasa kwenye ukuta wa utumbo, na mwili ukipambana nayo hujenga uvimbe ambao huweza kuchomoza ndani kama polipu. Hizo ni polipu za uvimbe, na hazipiti ile njia ya jeni ya APC niliyomweleza msomaji wa Tanga. Katika saratani ya utumbo mpana, kichocho cha tumbo cha aina hii hakijathibitishwa kuwa chanzo.

Unachohitaji ni tiba ya prazikwanteli kwa kipimo kinacholingana na uzito wako, kisha choo kipimwe tena, kwa sababu mvuvi anayeingia majini kila siku huambukizwa upya kwa urahisi. Daktari achunguze pia ini na bandama, maana mayai hayohayo husafiri mpaka kwenye ini, na huko ndiko kichocho cha tumbo huua. Jambo moja la kusisitiza kwa wauguzi na waganga wanaosoma ukurasa huu: kuwa na kichocho hakumkingi mtu na adenoma. Mgonjwa wa miaka 50 wa kandokando ya ziwa anayetoka damu asipewe prazikwanteli na kurudishwa nyumbani bila kupimwa kwa kamera.

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa Mombasa, nina miaka 36. Baba yangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 47, na shangazi yangu, dada yake, alipata saratani ya mji wa mimba kabla ya kufika 50. Sina dalili yoyote. Je, nipimwe, au ningoje nifike 45 kama nilivyosoma?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa baba. Umri wa miaka 45 ni wa watu ambao hatari yao ni ya kawaida. Marekani iliushusha kutoka 50 mwaka 2021 kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeanza kuwapata watu wa umri mdogo zaidi. Wewe kanuni yako ni tofauti. Mtu ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake amepata ugonjwa huu kabla ya miaka 60 huanza kupimwa kwa kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika, kutegemea upi unatangulia. Kwa baba aliyefariki akiwa na 47, hesabu hiyo inakuleta kwenye 37 au chini ya hapo. Yaani wakati wako ni sasa.

Habari ya shangazi imenifanya nisome barua yako mara mbili. Saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba zikifuatana katika ukoo mmoja, tena kwa watu wasiofika miaka 50, daktari hufikiria ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch. Mwaka 1895 Aldred Warthin, mwanapatholojia wa Michigan, alisimuliwa na fundi cherehani wake kwamba angekufa mapema kwa saratani kama watu wengi wa kwao. Akaufuatilia ukoo ule na kuchapisha habari zake mwaka 1913. Mama yule alifariki kwa saratani ya mji wa mimba, kama alivyotabiri. Miongo kadhaa baadaye Henry Lynch alizikusanya koo nyingine za namna hiyo, na leo inajulikana kwamba wanaougua huwa wamerithi hitilafu katika mojawapo ya jeni zinazosahihisha makosa ya kunakili, kama vile MLH1 na MSH2.

Kwa watu wa namna hiyo ile hesabu ya miaka 10 au zaidi ambayo polipu huchukua kugeuka saratani haiwafai. Kwa kuwa makosa yao hayasahihishwi, hitilafu hujikusanya haraka, na adenoma inaweza kugeuka saratani ndani ya miaka michache. Ndiyo sababu hupimwa kwa kamera kila baada ya mwaka 1 au 2. Upo pia ugonjwa mwingine wa kurithi ambao mtu huzaliwa na nakala moja mbovu ya jeni ya APC, akaota polipu mamia kwa maelfu kuanzia ujanani, na asipoondolewa utumbo mpana karibu kila mmoja hupata saratani, kwa wastani kabla ya miaka 40. Maelezo ya familia yako hayafanani na huo, lakini kamera itauondoa shakani.

Ukienda, nenda na orodha iliyoandikwa: nani aliugua nini, akiwa na umri gani, upande wa baba na upande wa mama. Kama hospitali alikotibiwa baba bado inatunza kipande cha uvimbe wake, kinaweza kupimwa hata leo, na jibu lake litawafaa ndugu zako wote. Najua katika familia zetu saratani ya mji wa mimba husemwa kwa mafumbo, "aliugua ugonjwa wa kike" basi. Mwulize mama au shangazi aliyebaki kwa upole, lakini mwulize.

Swali: Daktari, hujambo? Nilipimwa hapa Nairobi kwa kamera fupi inayoona sehemu ya chini ya utumbo pekee. Waliona polipu ndogo, nikaambiwa haina neno. Je, nilipie tena kamera ndefu?

Jibu: Sijambo. Inategemea maabara ilisema polipu hiyo ni ya aina gani, hivyo ulizia ripoti kabla ya kulipa chochote. Ikiwa ilikuwa adenoma, utumbo wote uangaliwe, kwa sababu penye moja huenda pana nyingine juu yake. Ikiwa ni ile ndogo isiyo na madhara inayopatikana sana sehemu za chini, haja hiyo hupungua, ila umri, dalili na historia ya familia vizingatiwe.

Kisa kinachofundishwa mara nyingi kuhusu jambo hili ni cha Rais Ronald Reagan wa Marekani. Mei 1984 alikutwa na polipu ndogo sehemu ya chini ya utumbo, ikaonekana haina madhara. Machi 1985 ikakutwa nyingine. Julai 12, 1985 alipokwenda hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda kuiondoa, madaktari walipitisha kamera ndefu mpaka mwisho wakakuta uvimbe mkubwa mwanzoni kabisa mwa utumbo mpana, upande wa kulia karibu na kidole tumbo, mbali na vilipokuwa vile vidogo. Alipasuliwa kesho yake, na kwa saa kadhaa madaraka ya urais yakawa mikononi mwa makamu wake George Bush. Julai 15 ikatangazwa kwamba ndani ya uvimbe mlikuwamo saratani. Ilikuwa bado haijasambaa. Reagan aliishi mpaka mwaka 2004 na hakufa kwa ugonjwa huo.

Upande huo wa kulia una matatizo yake. Choo huko bado ni majimaji, hivyo uvimbe hauzibi njia upesi, na damu yake huchanganyika na kupotea machoni. Mtu huja kugundulika kwa sababu ya kuishiwa damu na kuchoka pasipo sababu. Huko pia ndiko zinakopenda kuota polipu bapa zenye kingo za msumeno, ambazo hufuata njia nyingine ya jeni, inayoanzia mara nyingi na jeni iitwayo BRAF, na ambazo hata daktari mzoefu huweza kuzipita kwa sababu hufunikwa na ute na hazisimami na bua kama uyoga.

Swali: Wazee wetu wa Kagera walikula ndizi, maharage na mtama na hawakuyajua magonjwa haya. Je, mtu akirudia chakula cha asili hatapata polipu? Mwalimu mstaafu, Bukoba.

Jibu: Mwalimu, hoja yako iliwahi kutolewa na mtu maarufu, tena jirani yako. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alishangaa jinsi alivyokuwa akikutana mara chache sana na saratani ya utumbo mpana, wakati kwao Uingereza ilikuwa ya kawaida. Mwaka 1971 alichapisha maelezo yake: wenyeji walikula vyakula vyenye makapimlo (nyuzinyuzi) mengi, choo chao kilikuwa kingi na kilipita upesi, hivyo vitu vyenye madhara havikupata muda wa kukaa juu ya utando.

Sehemu ya wazo hilo imesimama. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ambao watu weusi 20 wa Pittsburgh, Marekani, na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana aina ya vyakula kwa wiki 2. Mwanzoni karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na polipu, na hakuna Mwafrika Kusini hata mmoja. Baada ya wiki hizo chache tu, utando wa utumbo wa Wamarekani ulionyesha kasi ndogo ya kujigawa kwa seli na dalili pungufu za uvimbe, na kwa Waafrika ikawa kinyume. Bakteria wa utumboni huyachachua makapimlo na kutoa asidi iitwayo butireti, ambayo hulisha seli za utando na kuzituliza.

Lakini sehemu nyingine haikusimama. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani wa watu 2,079 waliokwisha kuondolewa adenoma, ambao nusu yao walipewa chakula chenye mafuta machache na makapimlo mengi kwa miaka 4, haukuonyesha tofauti: polipu zilirudi kwa viwango vilevile. Mimi nayasoma matokeo hayo mawili pamoja kwa maana kwamba chakula kina nguvu kabla hitilafu za jeni hazijajikusanya, na nguvu hiyo haitoshi baada ya hapo. Tukumbuke pia kwamba enzi za Burkitt wengi hawakufika umri ambao saratani hii hushamiri, na wengine waliugua na kuzikwa pasipo kupimwa.

Kwa hiyo kuleni dona badala ya sembe, maharage, kunde, mchicha na ndizi zenu kwa moyo mweupe. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziwe za nadra: shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliziweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, na gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa takribani asilimia 18. Pombe, tumbaku na unene navyo vimo. Lakini polipu iliyokwisha kuota haiondolewi na maharage.

Swali: Mtoto wangu wa miaka 4 anatoka damu bila maumivu kila akienda choo. Wameona polipu. Je, ni saratani? Mama, Morogoro.

Jibu: Kwa umri huo, polipu moja inayotoka damu karibu siku zote ni polipu ya utotoni, ambayo haina uhusiano na adenoma na haielekei kwenye saratani. Iondolewe ili damu ikome, kisha ipelekwe maabara. Zikikutwa 5 au zaidi, au kama kuna mwingine katika ukoo mwenye polipu nyingi, hapo mtoto aonwe na bingwa, kwa sababu ipo hali ya kurithi inayohitaji kufuatiliwa maishani.

Swali: Nina miaka 63, naishi Unguja, nina kisukari, na natumia dawa ya kuzuia damu kuganda na vidonge vya kuongeza damu. Nimepangiwa kamera wiki tatu zijazo na naogopa sana. Nijitayarishe vipi, na wakiona polipu wakaikata nitaumia?

Jibu: Bi mkubwa, taja dawa zako zote kwa daktari wiki hii, usingoje siku yenyewe. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma husimamishwa kama wiki moja kabla, kwa sababu hukifanya choo kuwa cheusi na kuziba kioo cha kamera. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache kwa uamuzi wako, maana kwa mwenye ugonjwa wa moyo kuiacha kunaweza kuleta kiharusi. Daktari ndiye apime. Dawa za kisukari nazo zitapunguzwa siku ambazo hutakula, ili sukari isishuke mno.

Siku 2 au 3 kabla, achana na mboga za majani, kunde, mahindi na matunda yenye mbegu, ambayo siku nyingine zote ningekuhimiza uyale. Siku moja kabla, kunywa tu: supu iliyochujwa, chai bila maziwa, maji ya madafu, bila kinywaji chochote chekundu kinachoweza kudhaniwa damu. Dawa ya kusafisha tumbo hunywewa nusu jioni na nusu iliyobaki muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Ni nyingi na ladha yake haipendezi, lakini utumbo usiposafishika polipu ndogo hufichika chini ya choo, na mtu hurudishwa nyumbani kuanza upya.

Utapewa dawa ya kukusinziza, na kipimo huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Kukatwa kwa polipu hakuumi, kwa kuwa utando wa ndani hauhisi kisu wala moto. Utakachohisi ni kujaa kwa hewa inayopulizwa ili utumbo ufunguke. Nenda na mtu wa kukurudisha. Kutoboka kwa utumbo hutokea mara chache, kwa watu wasiofika 1 kati ya 1,000 katika vipimo vya kawaida, ila hatari huongezeka kidogo polipu kubwa inapokatwa. Kwa mtu anayetumia dawa kama yako, damu huweza kuanza kutoka hata baada ya wiki moja au mbili, kidonda kinapobanduka gamba. Tone moja au mawili lisikutie hofu. Damu ikitoka kwa wingi, ukihisi kizunguzungu, homa, au tumbo likikaza na kuuma, rudi hospitalini siku hiyohiyo, usiku au mchana.